UZI: Samaki hawakui, kamba wana magamba laini. Kabla ya kubadilisha chakula, maji yako yakoje?

Tope_Jeusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Swali linalorudi humu kuliko yote ni "nipeni chakula kizuri, samaki wangu hawakui". Muulizaji anamwagiwa majibu, yote majina ya vyakula. Hakuna anayemuuliza maji yake yana pH (kipimo cha asidi na alkali) ngapi, wala analisha saa ngapi. Upande wa pili kuna kambi ya maji: samaki wakifa tu wanapiga kelele "badilisha maji", bila kuuliza jana walikula nini na kiasi gani. Mimi naona hilo ni swali moja lililokatwa vipande viwili, ndiyo maana nafungua uzi huu.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutabishana hadi kuche. Chakula chenye protini asilimia 30 kina gramu 300 za protini kwa kilo. Nitrojeni ni takriban asilimia 16 ya protini, kwa hiyo hapo una gramu 48. Samaki anayekua vizuri hubakiza mwilini kama robo hadi theluthi yake. Iliyobaki, zaidi ya gramu 30, inaingia majini. Na sehemu kubwa haitoki kama kinyesi, kama wengi wanavyodhani. Inatokea kwenye matamvua ikiwa amonia iliyoyeyuka. Huioni, na hakuna wavu wa kuichota.

Chukua bwawa la mita mraba 1,000, kina mita moja, unalisha kilo 5 kwa siku. Nitrojeni gramu 240 inaingia, kama gramu 165 inaishia majini. Ukiigawa kwenye mita za ujazo 1,000 unapata miligramu 0.16 hivi kwa lita, kila siku ya Mungu. Isipoondolewa, ndani ya wiki umevuka miligramu 1. Wanaoiondoa ni mwani na bakteria, na hao nao wana masharti yao.

Amonia iko katika sura mbili, moja sumu kali na nyingine haina makali sana, na kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH pamoja na joto. Kwenye maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 7, yenye sumu haifiki hata asilimia 1 ya jumla. pH ikiwa 8 inakuwa kama asilimia 5. Ikifika 9, zaidi ya theluthi. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kupima amonia ya jumla, wote wakapata miligramu 2, mmoja akawa na samaki wachangamfu na mwenzake akawa anaokota mizoga. Ukiniambia "amonia yangu ni 2" bila pH, hujaniambia kitu.

Kingine ni saa. Mchana mwani unakula kaboni dayoksaidi, pH inapanda, na kwenye bwawa la kijani sana inaweza kupita 9 alasiri. Usiku kila kiumbe kinapumua, mwani ukiwemo, oksijeni inashuka hadi inagusa chini kabisa karibu na mapambazuko. Amonia inauma alasiri, oksijeni inakata alfajiri. Ukimlisha samaki sana jioni unamwongezea mahitaji ya oksijeni kwa saa kadhaa za usagaji wa chakula, na saa hizo ndizo bwawa linapoishiwa.

Karibuni tujadili. Wa kamba na kaa pia msikae pembeni, huko mambo ni magumu zaidi.

Nyumba_ya_Sato

Mkuu nimekusoma, na naomba nianze na langu. Sato wangu asubuhi wanakula kwa fujo, alasiri nikitupa chakula kinaelea tu, wanakizunguka kama hawakijui. Ukuaji umesimama. Chakula ni cha kuelea, protini 30, hakijaisha muda. Watu wananiambia nihamie cha 40.

Tope_Jeusi

Usihamie popote kwanza. Leta vipimo: pH asubuhi kabla jua halijachomoza, pH saa tisa au kumi alasiri, amonia ya jumla, joto, na ualkali. Huo wa mwisho watu huusahau, nao ndio unaosema maji yako yanaweza kuhimili msukosuko wa pH kiasi gani.

Pezi_Moja

Nafuga kambare. Wanapumua hewa ya juu, hayo ya oksijeni na alfajiri hayanihusu 😀

Tope_Jeusi

Yanakuhusu nusu, mkuu. Kiungo chao cha kuvuta hewa kinawaokoa oksijeni ikipungua, lakini amonia bado wanaitoa kwa matamvua kama wengine, na ikijaa nje inashindwa kutoka ndani. Halafu vifaranga wachanga kabisa hawana kiungo hicho bado. Ndiyo maana mtu anasema "kambare hafi" huku hodhi lake la vifaranga linamalizika usiku mmoja.

Daktari_wa_Mashudu

Naomba niingie kwenye chakula, ndiko ninakoshinda.

Hili la kukimbilia protini 40 kwa samaki mkubwa limekuwa ugonjwa. Kifaranga cha perege (jamii ya sato) anahitaji 40 na kitu kwa sababu anajenga mwili kwa kasi. Akishakuwa mkubwa, 28 hadi 32 zinamtosha. Ukimzidishia, hana ghala la kuhifadhi protini. Anaichoma kama kuni, na kabla ya kuichoma anaing'oa nitrojeni na kuitupa kwenye maji. Maana yake umelipia chakula cha juu ili utengeneze amonia ya juu.

Na si asilimia tu, ni protini ya namna gani. Chakula kinaweza kuandikwa 32 kikawa kimekosa asidi amino (kijenzi cha protini) moja, na hiyo moja ndiyo inayoamua ukuaji. Soya kwa mfano ni nzuri, lakini ina methionini kidogo. Ukijaza soya tupu bila kusawazisha, samaki anajenga mpaka pale methionini ilipoishia, protini iliyobaki inageuka uchafu. Soya mbichi ni balaa zaidi: ina vizuizi vinavyofunga kimeng'enya cha kusaga protini, na lazima ipitishwe kwenye moto.

Sasa kuna jambo linalounganisha kabisa hoja ya mwanzisha uzi, na sijaona likizungumzwa humu: fosforasi. Kalsiamu samaki anaweza kuivuta kutoka kwenye maji kupitia matamvua. Fosforasi hawezi kuitegemea huko, maji yana kidogo mno, lazima itoke kwenye chakula. Lakini fosforasi ya mbegu na nafaka, kama theluthi mbili yake, imefungwa ndani ya faiteti, na samaki hana kimeng'enya cha kuifungua. Inapita tumboni nzima nzima. Samaki anabaki na mifupa dhaifu, na fosforasi inayotoka na kinyesi, bakteria wakishaivunja, inakuwa mbolea ya mwani. Bwawa linakuwa kijani, pH inapaa mchana, oksijeni inaporomoka usiku. Mwenye bwawa analaumu maji, kumbe tatizo alilichanganya mwenyewe kwenye mashine ya chakula. Dawa ni kuweka kimeng'enya cha faitesi kwenye mchanganyiko, au fosfeti inayoyeyuka kwa kiasi, au unga wa samaki.

Jicho_la_Kaa

Daktari, unga wa samaki wenyewe umekuwa adimu. Huoni ndiyo maana watu wanakwenda kwenye soya na mashudu?

Daktari_wa_Mashudu

Naona, na sipingi. Perege na kambare wanavumilia mimea kwenye chakula kuliko samaki walao nyama. Samoni ukimpa soya nyingi isiyosafishwa, utumbo wake wa nyuma unavimba, hilo limethibitishwa muda mrefu. Ninachosema ni kwamba ukiondoa unga wa samaki usiondoe protini peke yake kichwani mwako. Umeondoa pia fosforasi, methionini, taurini, na mafuta ya omega-3 yenye mnyororo mrefu. Samaki wa maji baridi wengi wanaweza kujitengenezea kiasi fulani cha hizo omega kutoka kwenye mafuta ya mimea. Wa baharini karibu wote hawawezi. Kwa hiyo jibu linategemea unafuga nani.

Mama_Vifaranga

Kaka zangu, mimi nina swali la kitotoleo. Baadhi ya vifaranga wangu wana mgongo uliopinda, wengine kama herufi S. Ni maji au chakula?

Daktari_wa_Mashudu

Dada, sababu ni zaidi ya moja, lakini ya kwanza kuchunguza ni vitamini C. Samaki wengi tunaofuga hawawezi kuitengeneza mwilini, kama sisi binadamu. Ikikosekana, tishu inayoshika mifupa haijengeki vizuri, mgongo unapinda, vidonda haviponi. Na vitamini C ya kawaida ni dhaifu: joto la mashine linaipunguza, unyevu unaipunguza, na kukaa stoo kunaimalizia. Ndiyo maana vyakula vya viwandani vingi hutumia ile iliyofungwa na fosfeti, ambayo inadumu. Kama unajichanganyia na unaweka ya kawaida, baada ya miezi michache stoo usiihesabu.

Niambie, waliopinda ni wa mama mmoja au wamechanganyika? Na wamepinda tangu kuanguliwa, au wamepinda wakikua?

Mama_Vifaranga

Wanaanza kuonekana baada ya wiki kadhaa za kulishwa. Wamechanganyika. Chakula kipo stoo ya bati.

Daktari_wa_Mashudu

Basi naegemea chakula. Wangepinda tangu kuanguliwa ningeuliza joto la maji ya kutotolea mayai, au ukoo wa wazazi. Waliokwisha kupinda hawanyooki, uwatoe. Badilisha chakula, uhifadhi mpya mahali pakavu na poa, mifuko isiguse sakafu wala ukuta.

Na ukiwa huko stoo, nusa. Chakula chenye harufu ya uvundo au madoa ya ukungu usikihurumie. Kuvu wa kwenye mahindi, karanga na mbegu za pamba hutoa aflatoksini, inayoshambulia ini, na kupika hakuiondoi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vituo vya kufuga trauti vilikumbwa na uvimbe wa saratani ya ini, na chanzo kikaonekana ni mashudu ya pamba yaliyoingia kuvu. Trauti ni dhaifu kuliko perege kwa sumu hiyo, lakini perege naye ukuaji wake unadumaa, na wewe utakuwa unatafuta tatizo kwenye maji.

Kamba_Kazi

Haya, wa kamba tumefika. Nafuga kamba weupe kwa maji ya kisima yenye chumvi kidogo, kipimo kinasoma 4 kwa elfu. Wanakua, halafu kila msimu wa kujivua gamba nakuta laini wengi, wengine wamekufa chini, wengine wameliwa na wenzao. Chakula ni cha kamba, protini 35. Nimeongeza kalsiamu, hakuna mabadiliko. Nimechoka.

Jicho_la_Kaa

Dada, usiendelee na kalsiamu kwa kubahatisha. Kipimo cha chumvi kinakwambia ni chumvi kiasi gani, hakikwambii ni chumvi zipi. Maji ya bahari yana uwiano wake: magnesiamu ni kama mara tatu ya kalsiamu, na sodiamu ni kama mara 28 ya potasiamu. Maji ya kisima mara nyingi yana kalsiamu nyingi tu, ila potasiamu hakuna na magnesiamu ni haba. Kamba anatumia potasiamu na magnesiamu kuendesha pampu za chumvi kwenye matamvua. Zikikosekana anateketeza nguvu kusawazisha mwili badala ya kukua, na siku ya kujivua, ambayo ndiyo siku ngumu kuliko zote, hana akiba.

Wafugaji wa maji ya chumvi kidogo hulenga hivi: chukua kipimo chako cha chumvi, zidisha kwa 10.7 upate potasiamu, kwa 39.1 upate magnesiamu, kwa 11.6 upate kalsiamu, zote kwa miligramu kwa lita. Kwako wewe, 4 kwa elfu, inatoka potasiamu 43, magnesiamu 156, kalsiamu 46. Peleka maji maabara uone uko wapi. Nina hakika kubwa kwamba kalsiamu yako imepita na potasiamu iko chini sana. Ikiwa hivyo, mbolea ya potashi ya kloridi inaweka potasiamu, na chumvi za magnesiamu zinaweka magnesiamu. Weka kidogo kidogo kwa siku kadhaa, usimwage yote mara moja.

Ualkali nao uangalie. Kamba aliyejivua anahitaji kalsiamu na baikaboneti ili gamba ligumu. Ulenge miligramu 100 kwa lita au zaidi.

Kamba_Kazi

Asante kaka. Na je, siwezi kuziweka hizo kwenye chakula badala ya kutibu bwawa zima?

Jicho_la_Kaa

Inasaidia kiasi, ila kumbuka kamba anakula polepole, anashika kidonge kwa miguu anakitafuna pembeni. Madini yanayoyeyuka haraka yanakimbilia majini kabla hayajafika mdomoni. Na gamba jipya linajengwa sana kwa kalsiamu inayovutwa kutoka kwenye maji saa chache baada ya kujivua, wakati ambao hata kula hali. Kwa hiyo maji kwanza.

Lakini kuna kitu cha chakula ambacho kwa kamba na kaa hakina mbadala majini, nacho ni kolesteroli. Samaki anajitengenezea. Kamba, kaa, kambakochi, hawawezi kabisa, wote wanategemea chakula. Na kolesteroli ndiyo malighafi ya homoni inayoamuru gamba livuliwe. Mimea ina steroli za aina nyingine ambazo hazifanyi kazi vizuri kama hiyo. Ukipunguza unga wa samaki, unga wa kamba na unga wa ngisi ukaweka soya, umekata kolesteroli bila kujua. Utaona kamba wanashindwa kumaliza kujivua, wanafia nusu ndani ya gamba la zamani.

Kwa hiyo dada, ukisharekebisha madini na tatizo likabaki, hapo ndipo umwulize mtengeneza chakula kolesteroli na lesithini (aina ya mafuta yenye fosforasi) ni kiasi gani.

Pezi_Moja

Kumbe kamba ana damu ya aina gani? Niliona mtu akisema ni ya bluu nikadhani utani.

Jicho_la_Kaa

Si utani. Sisi na samaki tunabeba oksijeni kwa himoglobini yenye chuma, yeye anabeba kwa himosianini yenye shaba, na ikishika oksijeni inakuwa ya samawati. Siku ya kujivua mahitaji yake ya oksijeni yanapanda sana, tena anaishi sakafuni, mahali oksijeni inapoanza kuisha. Bwawa linaweza kupimwa juu likaonekana salama na chini kamba wanakata roho.

Hapa nitoe ya moyoni: kinachoua kamba wengi ni chakula kinachotupwa siku ambazo hawali. Siku moja kabla na siku ya kujivua hamu inashuka. Mwenye bwawa hajui, anatupa kiasi kilekile kwa ratiba ya ukutani. Kinazama, kinaoza, tope linageuka jeusi lenye harufu ya mayai viza. Hiyo ni haidrojeni salfaidi, na kiasi kidogo sana kinatosha kuua. Weka trei za kulishia pembe kadhaa za bwawa, uzikague baada ya saa moja na nusu au mbili. Kama chakula kimebaki, mlo unaofuata punguza. Ratiba iandikwe na trei. Uchafu huo wa sakafuni unalisha pia bakteria waitwao vibrio, na kuna aina ya vibrio inayobeba sumu ya kuua ini la kamba. Ugonjwa huo ulianza kuripotiwa China kuanzia 2009, na bakteria husika akatambuliwa 2013.

Mzee_wa_Chujio

Nawasoma kimya. Niongeze la nitraiti, maana wanaofuga kwenye mahodhi ya maji ya kuzunguka ndilo linalowamaliza.

Bakteria wanaogeuza amonia wako makundi mawili. La kwanza linatoa nitraiti, la pili linaigeuza nitreti ambayo haina ukali. Kundi la pili linachelewa kujijenga. Chujio jipya linaweza kuchukua wiki 4 hadi 6 kukomaa, na katikati yake nitraiti inapaa. Inaingia kwenye damu ya samaki kupitia matamvua, inaharibu himoglobini, damu inakuwa na rangi ya kahawia, samaki anakosa hewa kwenye maji yaliyojaa oksijeni. Fungua matamvua ya aliyekufa uyaangalie rangi.

Kinga yake ni kloridi, kwa sababu nitraiti na kloridi zinagombania mlango mmoja kwenye matamvua. Kanuni inayotumika sana ni kloridi iwe angalau mara 10 ya nitrojeni ya nitraiti. Chumvi ya kawaida ni kama asilimia 60 kloridi, kwa hiyo kwa kila miligramu 1 kwa lita ya nitrojeni ya nitraiti unahitaji gramu 17 hivi za chumvi kwa mita ya ujazo. Ndiyo maana nitraiti inamtesa kamba wa maji ya chumvi kidogo kuliko yule wa maji ya bahari.

Na bakteria hao wanakula ualkali. Kila gramu ya nitrojeni ya amonia wanayoimaliza inatafuna zaidi ya gramu 7 za ualkali na zaidi ya gramu 4 za oksijeni. Ukiongeza chakula, umeongeza kazi yao, umepunguza ualkali. Ukiisha, pH inaporomoka na wao wanasimama.

Fundi_Pampu

Na wale wa molasi mnawaonaje? Mimi naweka molasi, maji yanakuwa ya kahawia, amonia inashuka, samaki wanakula yale mabonge ya bakteria.

Mzee_wa_Chujio

Ni njia halali kabisa. Mtafiti Yoram Avnimelech alichapisha maelezo yake mwaka 1999: ukiongeza kaboni, bakteria wanachukua nitrojeni ya majini kujenga miili yao, na perege au kamba anawala. Protini iliyokuwa imepotea inarudi mdomoni. Ila bakteria hao wanapumua usiku na mchana. Mwenye bwawa la kijani umeme ukikatika mchana bado ana mwani wa kumsaidia. Wewe huna. Jina lako ni Fundi Pampu, natumaini una pampu ya akiba na chanzo kingine cha umeme.

Fundi_Pampu

😂 Ipo mzee.

Mlaji_Tu

Jamani mimi sifugi, nakula tu. Kwa nini samaki wa kufugwa mwingine ana ladha ya udongo? Na kamba wengine wakipikwa wanapauka wakati wengine wanakuwa wekundu wa kuvutia?

Tope_Jeusi

Karibu, wewe ndiye mwenye uamuzi wa mwisho.

Ladha ya udongo haitokani na samaki kula tope. Inatokana na kemikali mbili, jiosmini na nyingine iitwayo MIB, zinazotolewa na mwani wa samawati na bakteria fulani. Zinaingia kwa matamvua ndani ya muda mfupi na kukaa kwenye mafuta ya samaki. Bwawa lililolishwa kupita kiasi ndilo linalozalisha mwani huo. Kabla ya kuvuna, samaki huwekwa kwenye maji safi yanayopita bila kulishwa siku kadhaa mpaka ladha iishe, na mwenye mafuta mengi anachelewa zaidi.

Rangi ya kamba ni astazanthini, na kamba hawezi kuianzisha mwenyewe kutoka sifuri. Lazima ale mwani, au chakula kilichowekewa. Akiwa hai imefungwa na protini inayoifanya ionekane ya samawati au kijivu, moto unaifungua, wekundu unatoka. Aliyekosa chakula chenye rangi hiyo hana cha kufunguliwa. Samoni naye vilevile, nyama yake ya waridi inatoka kwenye chakula.

Jicho_la_Kaa

Na utamu! Kamba wa maji yenye chumvi nyingi huwa mtamu zaidi, kwa sababu anajaza asidi amino kama glaisini mwilini ili kushindana na chumvi ya nje. Hiyo ni ladha inayotokana na maji, chakula hakihusiki sana.

Nyumba_ya_Sato

Nimerudi na vipimo. Alfajiri pH 7.1, saa kumi alasiri 9.2. Joto alasiri nyuzi 28. Amonia ya jumla 1.5. Ualkali 25. Nikizamisha sahani nyeupe inapotea kwenye sentimita 15. Kuna jamaa kaniambia nimwage chokaa kesho.

Tope_Jeusi

Jibu lako hilo hapo. Alfajiri kwenye pH 7.1 amonia yenye sumu haifiki asilimia 1, wanakula kwa fujo. Alasiri kwenye 9.2 na nyuzi 28 karibu nusu ya hiyo 1.5 imekuwa sumu, kama miligramu 0.75. Inatosha kumkatia sato hamu na kumsimamisha kukua. Chakula chako hakina kosa. Ungehamia cha protini 40 ungeiongeza.

Sentimita 15 ni mwani uliopitiliza, ungetaka 30 hadi 45. Na ualkali wa 25 ni mdogo sana, ndiyo maana pH inaruka pointi mbili kwa siku moja.

Fanya hivi. Chakula cha alasiri kifute kabisa kwa sasa, lisha asubuhi jua likishapanda, kiasi wanachomaliza kwa dakika chache, jumla iwe kama theluthi mbili ya ulichokuwa unatoa. Hawatakufa njaa. Ukiweza, toa sehemu ndogo ya maji ya juu uweke mapya yenye joto linalokaribiana, na kama ni ya bomba hakikisha klorini imetoka. Usibadilishe bwawa zima.

Chokaa: ya kilimo, yaani jiwe la chokaa lililosagwa, gramu 100 hadi 200 kwa mita mraba. Hiyo inapandisha ualkali taratibu na haiwezi kuirusha pH. Ukitaka haraka zaidi, baikaboneti ya sodiamu gramu 50 kwa mita ya ujazo inakuongezea ualkali kama 30.

Nyumba_ya_Sato

Aliyonishauri jamaa ni ile nyeupe ya kupakia kuta. Ni tofauti?

Daktari_wa_Mashudu

Tofauti kubwa! Hiyo ni chokaa iliyozimwa, inapandisha pH juu sana kwa saa chache. Kwa amonia uliyo nayo utaua bwawa zima. Hiyo ni ya kutibu sakafu bwawa likiwa limekaushwa, samaki hawamo.

Nyumba_ya_Sato

Nimewaelewa. Nipime tena lini?

Tope_Jeusi

pH na amonia pima alasiri kila siku mbili, ualkali baada ya wiki mbili, maana chokaa ya kilimo haiyeyuki haraka. Alasiri pH ikishuka chini ya 8.5, rudisha mlo wa pili, ila uwe saa sita mchana. Jioni hapana.